Nusu Siku ya Kuonyeshwa Mawe Yangu

Mawe ya Kikoneni nayajua kwa vidole vya miguu. Hakuna njia ya kwenda kisimani, msikitini wala kwa wakwe ambayo sijajikwaa, na kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia haijawahi kumaliza mwaka bila kung'oka. Kwa hiyo mpwa wangu aliponijia barazani na habari kwamba ameanzisha ziara ya nusu siku ya kutazama mawe, milima na visukuku, na kwamba mimi nitakuwa miongoni mwa wageni wake wa kwanza, kwa kulipa, nilimwomba arudie hapo mwisho.

"Kwa kulipa, mjomba. Lakini wewe nimekuwekea bei ya nyumbani."

Bei ya nyumbani ilikuwa shilingi elfu moja. Kwa elfu moja mimi hununua unga, sukari na mafuta ya taa, na bado hubaki nauli ya kwenda Msambweni kulalamika kwamba vitu vimepanda.

Ningekuwa baba yake ningekataa. Lakini sisi Wadigo mjomba hana mlango wa nyuma. Mtoto wa dada ukimnyima kitu, ukoo utakuwa umekwisha kuarifiwa kabla ya Alasiri, na dada yangu ana sauti inayofika Mwangulu bila simu. Zamani mpwa ndiye aliyekuwa akirithi mali ya mjomba wake. Mila hiyo imelegea, urithi sasa hugawanywa kwa sheria ya dini, isipokuwa wapwa wenyewe hawajaambiwa.

Halafu lilikuwapo lile neno, visukuku. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni aina ya vifaranga, nikafikiri walau chakula cha mchana kimejulikana. Kumbe ni viumbe vilivyokufa zamani hata vikageuka mawe. Nikamwambia mpwa wangu kwamba viumbe vilivyokaa mahali pamoja hata vikageuka mawe avitafute kwenye mabenchi ya afisi za serikali. Hakucheka. Alikuwa amesomea uongozaji wa watalii miezi sita, na nadhani mle darasani ucheshi wa mjomba haumo kwenye mtihani.

Tangazo alilolibandika kwenye mwembe wa stendi lilisema safari itaanza saa kumi na mbili asubuhi na kurejea saa sita mchana. Wageni wawili, mume na mke wastaafu kutoka Ujerumani waliokuwa wamepanga nyumba Diani, walifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Hapo nikajua siku itakuwa ndefu. Mtu anayefika kabla ya saa huwa amekuja na maswali. Mume alikuwa amefundisha jiografia maisha yake yote, na shingoni alining'iniza kioo cha kukuzia kama tasbihi. Wa tatu alikuwa kijana wa Nairobi mwenye viatu vyeupe, vyeupe kabisa, vyeupe kwa namna ambayo udongo wetu mwekundu huchukulia kuwa ni matusi.

Gari, Probox ya kukodi, halikuwapo. Lilikuwa limepeleka machungwa barabara kuu. Tulikaa chini ya mwembe tukalingoja, Wajerumani wakitazama saa, mimi nikiwatazama wao, mpaka saa mbili kasoro robo lilipofika likinuka maganda. Ndipo nikaelewa maana kamili ya bei ya nyumbani. Wageni waliolipa bei ya kigeni waliketi kwenye viti. Mimi niliingia nyuma kwenye buti, pamoja na machungwa yaliyokataliwa na mnunuzi.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mrima. Kwenye ramani za kizungu panaitwa Mrima Hill, na mrima kwa Kidigo ni mlima, kwa hiyo wanapaita Mlima Mlima, kama mtu asiyesikia akiitwa mara moja. Si mlima wa kutisha: ni kilima cha mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, kimejaa msitu, na msitu wenyewe ni wa kaya, yaani mtakatifu. Huingii vivi hivi. Mzee wa kaya alitungoja chini, msuli kiunoni, fimbo mkononi, akatukagua mmoja mmoja. Akauona mkoba wa mpwa wangu. Ndani yake akatoa nyundo ndogo, ambayo niliitambua mara moja: ya fundi viatu wa stendi.

"Hii ya nini?"

"Ya kuonyesha, mzee. Sitagonga kitu."

"Basi nitakushikia," akasema mzee, akaichomeka kwenye mkunjo wa msuli wake, na hatukuiona tena mpaka tuliposhuka.

Simlaumu. Mrima umeona nyundo nyingi. Miaka ya 1950 walikuja watafuta madini wakachimba mashimo wakitafuta niobiamu, madini ya kuimarisha chuma cha pua na cha mabomba. Wakaondoka. Wakaja wengine, wakaondoka nao. Mwaka 2013 kampuni moja iliyokuwa na leseni ilitangaza kwamba madini adimu ya kilima hiki yana thamani ya dola bilioni 62.4, na mwaka huohuo serikali ikaifuta leseni. Kesi ikapelekwa kwa wasuluhishi hadi Washington, na mwaka 2018 Kenya ikashinda. Yote haya mpwa wangu aliyaeleza vizuri, amesimama kwenye kisiki, mkono mmoja kifuani. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye ile tarakimu. Nimekulia chini ya dola bilioni 62.4, nimeokota kuni pembeni yake, nimechunga mbuzi wa watu kwenye miguu yake, na mpaka leo muuza duka wa kwetu ananiandika kwenye daftari lake kwa wino mwekundu.

Nikauliza, kwa adabu kabisa, iwapo katika hizo bilioni kuna hata moja iliyowahi kupita Kikoneni. Mpwa wangu akasema maswali ni mwisho wa kituo.

Nitakuwa muungwana nikiri: alichoeleza kuhusu jiwe lenyewe kilinishangaza. Anasema Mrima ni mzizi wa volkano ya kale, ya zama za madinosaria, na haikuwa volkano ya kawaida. Uji wake wa moto ulikuwa wa jamii ya chokaa, na jiwe linalotokana nao huitwa kabonatiti. Duniani leo umebaki mlima mmoja tu unaotapika uji wa namna hiyo, Ol Doinyo Lengai, kule Tanzania karibu na Ziwa Natron. Uji huo unatoka mweusi kama oili chafu ya gari, tena hauna joto kali kama ule wa volkano nyingine, halafu ukipata unyevu unageuka mweupe kwa siku chache. Wa kwetu ulizimika zamani za zamani. Mvua ikakikosha kilima mamilioni ya miaka, ikachukua kilicho chepesi kuchukulika, ikaacha udongo mwekundu wenye yale madini mazito ambayo wakubwa wanayataka kwa sumaku za simu, za magari ya umeme na za mashine za upepo. Na kuna thoriamu pia, akasema, ndiyo sababu mionzi ya asili hapa ni mingi kuliko kwingine.

Kijana wa Nairobi akaviangalia viatu vyake. Vilikuwa vimeshakuwa na rangi ya matofali. Akaanza kutembea kwa visigino, kana kwamba mionzi huingilia vidoleni.

Yule mwalimu, wakati huohuo, alikuwa ameinama kando ya njia akaokota kipande cha jiwe chenye ukubwa wa kitumbua. Akakigeuza, akakitia kioo, akakitazama upande huu na upande huu. Kisha akatoa ulimi akakiramba.

Kilikuwa kimya cha namna yake. Hata ndege walinyamaza. Mke wake hakushtuka, jambo lililonipa wasiwasi zaidi. Mzee wa kaya alimwegemea mpwa wangu, akamwuliza kwa sauti ya chini, kwa upole wa mtu aliyelea wajukuu wengi:

"Ana mimba ya miezi mingapi?"

Maana sisi tunajua nani hula mawe. Yanauzwa sokoni, yamepangwa mafungu, na wanaoyanunua wote wana sababu moja. Mpwa wangu alieleza kwamba wataalamu wa miamba huramba jiwe ili rangi na chembe zake zionekane vizuri likilowa, na wengine husikiliza kwa ulimi kama ni laini au lina mchanga. Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema maji yapo kwenye chupa. Kisha akamnyooshea mwalimu mkono, akalipokea lile jiwe, akalirudisha palepale lilipookotwa, upande uleule juu.

Kisha likaja suala la picha. Kumbe jiwe halipigwi picha peke yake. Lazima pembeni pawekwe kitu kinachojulikana kimo chake, ndipo atakayeitazama picha ajue hili ni jabali au ni kokoto. Kwa desturi huwekwa nyundo. Nyundo ilikuwa kiunoni mwa mzee wa kaya, na hapakuwa na mtu mwenye ujasiri wa kwenda kuiomba hapo. Mpwa wangu akatafuta tafuta, macho yake yakatua kwangu.

"Mjomba, simama pale kidogo."

Nikasimama. Mwalimu akaniuliza kimo changu, akakiandika kwenye daftari. Tangu saa hiyo nilikuwa rula. Kila penye jiwe naitwa, nasimama wima, mikono pembeni, naambiwa nisicheke. Sasa hivi nipo Ujerumani kwenye picha zipatazo arobaini, na katika zote hizo hakuna hata moja inayonihusu.

Dzombo ilikuwa ya pili. Dzombo ni kaka yake Mrima, ni mrefu zaidi, umepita mita 400, na jiwe lake ni gumu la jamii ya sayenaiti lililopoa chini ya ardhi kabla mvua na upepo havijalifunua. Mpwa wangu alituahidi kwamba huko juu tutaiona nchi yote kama imetandikwa kwenye mkeka: Milima ya Usambara upande wa Tanzania, Shimba upande wa kaskazini, Wasini na hata Pemba baharini. Tukapanda. Sitasimulia kupanda. Mtu wa umri wangu akipanda mlima kwa hiari, asitegemee kuhurumiwa, na mimi nililipa.

Tulipofika mahali pa kutazamia, palikuwa na ukungu. Si ukungu wa kupitia, bali ukungu uliokuja na godoro lake. Huoni mita 50. Mtu mwingine angeomba radhi tukashuka. Mpwa wangu alisimama, akapumua, akanyoosha kidole kwenye weupe mtupu akasema:

"Pale ni Usambara."

Sote tukageuka kutazama pale.

"Pale, Pemba. Na pale nyuma ni Shimba, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, ndimo wanamoishi palahala, na huwapati porini Kenya nzima ila humo tu."

"Mwaka niliozaliwa mimi," nikasema, nikiwa sina jingine la kuchangia.

"Umesikia, mjomba naye ni wa 1968," akawatafsiria, na mama wa Kijerumani akaandika hilo pia.

Kijana wa Nairobi akauliza kama Kilimanjaro inaonekana. Hapo nilitegemea mpwa wangu akwame, lakini chuo alichosoma ni chuo kweli. Alizungusha kidole kidogo upande wa magharibi, akachagua wingu lililonona kuliko wenzake, akalipa mita 5,895. Kijana akalipiga picha. Kisha akaomba apigwe nalo. Mimi nikaitwa nisimame kando yake.

Chakula kilikuwa kimeandikwa kwenye tangazo kuwa ni "vitafunio vya kienyeji." Vilikuwa machungwa. Yaleyale. Nimesafiri nayo tangu asubuhi, yameniviringikia mapajani kila penye shimo, tumekuwa kama ndugu, halafu naambiwa niyale. Mama wa Kijerumani alisema hajawahi kuonja chungwa tamu kama lile, na hapo alisema kweli, maana machungwa ya Kikoneni hata yaliyokataliwa yana sukari. Lakini mtu aliyeshuka Dzombo anataka muhogo, anataka samaki, anataka kitu chenye uzito.

Ilikuwa saa nane. Nusu siku ilikuwa imeshapita tukiwa bado njiani. Nikamwonyesha mpwa wangu saa. Akasema nusu siku ni jina la ziara, si kipimo. Chemchemi ya maji moto ya Mwananyamala iliondolewa kwenye ratiba kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumeshachemka, tukateremka moja kwa moja mpaka Fikirini, karibu na Shimoni, kwenye mapango ya Dada Watatu.

Pangoni nilipapenda, kwa sababu kulikuwa na kivuli. Popo walitupokea kwa maneno makali. Hapa ndipo palipokuwa na visukuku vilivyoahidiwa, na mwalimu alipoinua tochi ukutani akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu siku timu yetu ya mtaa ilipofunga penalti. Ukuta wote ni matumbawe. Mpwa wangu akaeleza kwamba miamba mingi ya pwani hii ilikuwa hai chini ya maji: miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, matumbawe yakajenga, bahari ikarudi nyuma, yakabaki nchi kavu yakawa jiwe. Ukitazama vizuri unaona kila kitu kimo: matumbawe yenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi, yenye vitundu kama sega la nyuki, na makombe mazima yamekaa midomo wazi kana kwamba yalikatizwa katikati ya sentensi.

Mimi nikatazama. Nikasogea. Nikasema neno ambalo ningelimeza lau ningejua litakalonifika.

"Haya mbona yako chooni kwangu."

Lazima nieleze. Zamani kidogo nilipanga kujenga nyumba ya mawe, kama wenzangu waliofanya kazi hotelini. Nikaagiza mawe ya kukatwa kutoka timbo la pwani. Lori la kwanza likaja. La pili halikuja, kwa sababu pesa za la pili zilikuwa zimekwenda kwenye harusi ya dada mdogo wa mama yake huyuhuyu mpwa. Lori moja halijengi nyumba. Lilijenga choo. Ndiyo maana bomani kwangu kuna nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na nyuma yake choo cha matumbawe, kimenyooka, kina pembe, na wageni wengi hukipigia hodi wakidhani ndimo ninamolala.

Mpwa wangu akatafsiri. Mwalimu akazima tochi. Wakaongea Kijerumani kwa haraka, yeye na mkewe, halafu wakataka kujua ni mbali kiasi gani.

Tulifika kwangu jua likielekea Magharibi. Kanga ya mke wangu ilikuwa imening'inizwa juu ya ukuta wa choo, na kila mwenye nyumba anajua maana yake. Wageni hawakujua. Ikabidi mimi, mwenye choo, nisimame mbele yao nimenyoosha mikono kama askari wa barabarani, na mpwa wangu aseme kuna utaratibu. Tukangoja. Mke wangu alipotoka na birika lake akakuta watu wanne na tochi wamepanga foleni, mmoja ameshatoa kioo cha kukuzia.

"Wamepoteza nini?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu la kumtosha mtu aliyetoka chooni. Mwalimu alikwisha kuwa ukutani, pua inagusa jiwe. Akaita. Kwenye jiwe la tatu kutoka chini, pembeni mwa mlango, kulikuwa na kombe zima, mbavu zake zote zinahesabika, ambalo mimi nimeligonga kwa goti usiku miaka yote hii nikilitukana kwa jina. Alilipapasa kwa kidole kama mtu anayempapasa mtoto mchanga kichwani. Nilidhani ataliramba. Mke wangu naye alidhani hivyohivyo, akapiga hatua moja mbele na birika, na nadhani ile hatua ndiyo iliyomrudishia fahamu.

Kabla hawajaondoka nilimwambia mpwa wangu, nusu kwa mzaha, kwamba basi kesho nakibomoa, yale mawe niyauze Ulaya, nijenge nyumba. Akanikazia macho. Akasema kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na visukuku havichukuliwi na kupelekwa nje bila kibali. Nikamwuliza, mimi niliyeyanunua timboni kwa risiti? Akasema ataulizia. Hajauliza mpaka leo. Mimi pia sijamkumbusha, maana sitaki kuwa mtu wa kwanza wilayani aliyeandika barua rasmi kuhusu choo chake.

Elfu moja yangu sikurudishiwa. Nilichopata ni ahadi: shilingi 50 kwa kila kichwa, kwa sababu tangazo jipya pale mwembeni lina vituo vinne badala ya vitatu. Cha nne kimeandikwa "ukuta wa kale wa bahari, mali ya familia." Hawasemi ni ukuta wa nini.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, ambao nadhani vyoo vyao vilikuwa vya makuti. Juzi asubuhi nilikuwa mle ndani, kikoi begani, nikiwaza mambo yangu. Kanga nilisahau kutundika. Nikasikia Probox, milango, viatu, halafu sauti ya mpwa wangu nje ya ukuta, ileile ya mkono kifuani: bahari ilikuwa hapa juu, miaka 125,000, matumbawe, makombe. Nikakohoa ili wajue kuna mtu. Pakawa kimya. Mgeni mmoja, mwanamke, akauliza kwa hofu kidogo ni kitu gani hicho kilicho ndani.

"Hicho si cha kale sana," mpwa wangu akamjibu. "Hicho ni cha mwaka 1968."